Oili Nzito kwa Injini Iliyochoka: Ukweli wa Mafundi na Mipaka Yake

Fundi huvuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakichomeka tena, akakitoa na kukiinamisha juani. Oili imegusa ncha tu, chini kabisa ya alama ya mwisho. Anauliza gari limetembea kilometa ngapi. Ukimjibu laki mbili na nusu, hukumu hutoka papo hapo: "Bosi, injini imechoka hii. Tumwage haya maji, tuweke ishirini-hamsini."

"Maji" ni oili nyepesi, 5W-30 au 0W-20, ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha oili au kwenye kitabu cha gari. "Ishirini-hamsini" ni 20W-50, oili nzito ambayo kwa miaka mingi imekuwa dawa ya kila injini kuukuu, kuanzia gereji za Ilala hadi Kirinyaga Road, Nairobi. Nimeusikia ushauri huo kwa mafundi ninaowaheshimu sana, na sitaki kuuita ujinga. Una fizikia ndani yake, na zipo injini ambazo kweli umeziongezea maisha. Lakini hutolewa kwa kila gari bila kulipima, na hapo ndipo unapogeuka hasara. Injini nyingi ambazo mimi nimeziona zikinoki hazikuuawa na namba isiyofaa kwenye dumu. Ziliuawa na ukosefu wa oili yenyewe, huku mwenye gari akiamini kwamba uzito umeshamaliza tatizo.

Tuanze na gari lenyewe. Magari mengi ya watu wa kawaida huku Afrika Mashariki yalitumika kwanza Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea, ila ushuru huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Likishafika halirudi. Litauzwa na kuuzwa tena, kutoka kwa mwajiriwa wa mjini hadi kwa mwenye teksi, hadi kwa mtu wa wilayani anayelibebesha mazao. Ndiyo maana Spacio, Premio, IST, Noah na Probox zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado zinapiga kazi kila siku, na mtu akikwambia amenunua gari jipya ana maana ni jipya kwake.

Kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi nazo si za kuaminiwa bila ushahidi. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake, au kona ya juu ya kioo cha mbele, au ndani ya boneti. Mara nyingi utakuta kibandiko kidogo chenye herufi za Kijapani. Ni cha gereji ya huko, kimeandikwa tarehe oili ilipobadilishwa na kilometa za siku hiyo. Mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao. Ukiona mwaka wa 27 wa enzi ya Heisei, jumlisha 1988, unapata 2015. Ukiona wa 3 wa enzi ya Reiwa, jumlisha 2018, unapata 2021. Kama kibandiko cha 2015 kinasema 118,000 na dashibodi leo inasema 92,000, umeshajua ulichouziwa. Usikibandue. Hicho ndicho cheti cha kliniki cha gari lako, na vikiwa viwili vitatu vilivyopishana kwa kilometa elfu chache, vinakwambia injini ililelewa vizuri. Injini ya namna hiyo yenye laki tatu za barabara kuu inaweza kuwa nzima kuliko yenye laki moja za foleni na oili iliyocheleweshwa.

Sasa namba. Fundi husema uzito. Neno la kitaalamu ni mnato, yaani ule ugumu wa kimiminika kutiririka, kama ulivyo wa asali ukilinganisha na maji. Madaraja yake yalipangwa na chama cha wahandisi cha Marekani, SAE, katika kiwango kinachoitwa J300. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Msomaji wa Dar es Salaam atasema: sisi hatuna baridi hiyo, hata Makete yenye jalidi haifiki huko, basi namba ya kwanza haituhusu. Wengi huteleza hapo. Oili haisubiri barafu ili iwe nzito. Kwenye nyuzi 40, joto ambalo kwa injini bado ni ubaridi, 5W-30 ya kawaida huwa na mnato wa sentistoki 60 hadi 70 hivi, ilhali 20W-50 huwa na 150 hadi 180. Asubuhi ya nyuzi 25 pengo hilo hupanuka zaidi. Unapowasha gari lililolala usiku kucha, oili nzito huchelewa kupanda hadi kwenye kamshafti na valvu zilizo juu, na kwa muda huo mfupi chuma husuguana na chuma. Jambo hilo hurudiwa kila siku, mwaka mzima.

Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100, karibu na joto ambalo injini hufanyia kazi. Daraja la 30 huanzia sentistoki 9.3 na kuishia chini ya 12.5, la 40 huishia chini ya 16.3, la 50 chini ya 21.9. Nafasi kati ya krenki na beringi zake katika injini mpya ni nyembamba kuliko unywele. Pampu huijaza oili nafasi hiyo, na krenki ikizunguka huelea juu ya utando wa oili bila kugusa beringi. Beringi zikilika, nafasi hupanuka, oili hutoroka kwa wepesi na presha hushuka. Oili yenye mnato mkubwa hutoroka polepole, utando hubaki mnene na mlio wa kugonga hupungua. Hapa fundi ana haki kabisa.

Na wale wanaosema "fuata kitabu" husahau kwamba vitabu ni zaidi ya kimoja. Kitabu kilichokuja na gari la soko la Japani huelekeza oili nyepesi kwa sababu ya baridi ya huko na kwa sababu watengenezaji wanashindana kubana matumizi ya mafuta. Vitabu vya Toyota vilivyoandikwa kwa masoko ya nje, kwa injini za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilikuwa na jedwali la oili linalofuata joto la mahali, na humo 15W-40 na 20W-50 ziliruhusiwa kwa sehemu za joto. Mtengenezaji mwenyewe hakuiona 20W-50 kuwa sumu.

Mpaka wa kwanza wa ukweli huo unaitwa VVT-i. Injini ya zamani kama 5A-FE ya Carina hutumia oili kwa kulainisha na kupoza, basi. Zilizofuata, 1NZ-FE na 1ZZ-FE, hutumia oili pia kama mkono: valvu ndogo ya umeme huipitisha kwenye vijia vyembamba, kupitia kichujio cha wavu mdogo, ili isukume kamshafti mbele au nyuma kidogo kulingana na mwendo wa injini. Oili nzito huchelewa kufanya kazi hiyo, hasa kabla haijapata joto. Gari hukosa wepesi wa kuondoka, hula petroli zaidi, na taa ya injini inaweza kuwaka. Mwenye gari hupelekwa kununua sensa wakati ugonjwa ameumimina mwenyewe.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi, nao unahusu sababu hasa ya watu kukimbilia uzito: gari linakula oili. Kula oili si ugonjwa mmoja. Oili inaweza kuvuja nje. Hiyo utaijua kwa kutandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku, asubuhi ukasoma matone. Inaweza kushuka kutoka juu kupitia sili za valvu, vile vipete vya mpira ambavyo kwa umri na joto hukakamaa. Gari hutoa wingu la moshi wa bluu likiwashwa asubuhi, kisha linatulia. Anayepita mlima Kitonga anaweza kuona dalili hiyohiyo kwa gari lililo mbele yake: limeshuka mteremko mrefu kwa gia, dereva hakanyagi mafuta, injini inavuta oili kwa nguvu, halafu akikanyaga tu bluu inatoka. Na inaweza kupanda kutoka chini kupitia ringi za pistoni. Hapo moshi huonekana gari likipanda mlima na mzigo, na injini, kama wasemavyo mafundi, "inapumua". Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, weka kiganja juu ya tundu. Pumzi ya moto inayosukuma kiganja ni gesi ya mlipuko iliyopita kando ya pistoni. Moshi mweupe usiokoma, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni jambo jingine kabisa: maji yameingia kwenye oili, pengine gasketi ya silinda hedi imeungua, na hakuna dumu dukani litakalolitibu.

Kuna njia ya nne ambayo husahaulika kwa sababu ya udogo wake. Ni valvu ya PCV, kipande kisichozidi kidole gumba, kazi yake ni kurudisha pumzi ya injini kwenye manifoldi ili ichomwe. Ikiziba, pumzi hukosa njia, presha hujaa ndani, na oili husukumwa nje kupitia kila sili dhaifu. Ikikwama wazi, injini huivuta oili na kuichoma. Spacio yangu, yenye 1NZ-FE, ilikuwa ikipoteza karibu nusu lita kila kilometa 1,000, na nilikuwa nimeshauriwa mara tatu kuweka 20W-50. Fundi wa nne, kijana mtulivu, aliichomoa PCV kwenye kava ya juu, akaitikisa sikioni kwangu. "Mzee, sikiliza. Nzima inalia, hii kimya." Ilikuwa imejaa lami nyeusi. Tuliweka mpya, na oili iliyokuwa ikipotea ilipungua karibu nusu bila kubadilisha daraja la oili. Tangu siku hiyo siamini hukumu yoyote juu ya uzito wa oili kabla PCV haijatikiswa.

Ringi nazo zina habari yake. Kila pistoni huwa na ringi ya chini ambayo kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda, na nyuma yake kuna vitundu vya kurudishia oili chini. 1ZZ-FE za mwanzo, zilizomo kwenye baadhi ya Premio na Spacio, zilitengenezwa na vitundu visivyotosha. Kaboni ikavijaza, ringi zikashikana kwenye mifereji yake, oili ikawa inachomwa. Toyota iliibadilisha pistoni hiyo mapema miaka ya 2000. Injini ya 2AZ-FE, tunayoijua kwenye Harrier, Alphard na RAV4, ilipata balaa linalofanana na hilo, hadi nchini Marekani kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja pistoni na ringi. Angalia sasa 20W-50 inavyofanya kwenye injini hizo. Uchafu umeganda nyuma ya ringi. Unachohitaji ni oili yenye sabuni nzuri ya kuulainisha na kuuondoa kidogo kidogo, ibadilishwe mapema mapema. Oili nzito ya bei nafuu huwa na sabuni haba. Itapunguza moshi kwa wiki kadhaa, na kaboni itaendelea kukaza.

Ndiyo maana mimi hutazama herufi kabla ya namba. Nyuma ya dumu kuna alama ya API, taasisi ya petroli ya Marekani: S na herufi inayofuata ni kwa injini za petroli, C na herufi inayofuata ni kwa dizeli. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo mpya kwa utaalamu. SL ni ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. Nimekuta dukani 20W-50 ya SF, daraja la mwaka 1980, ikiuzwa kwa mwenye IST. Herufi hizo ni ahadi ya sabuni, ya kuzuia tope, ya kulinda cheni ya taimingi. Kati ya 20W-50 ya SF na 10W-40 ya SP hakuna mashindano, hata kama dumu la kwanza linahisiwa kuwa zito mkononi. Kwa magari ya kale kweli, Land Rover na Peugeot 504 zinazosukuma valvu kwa fimbo, watu huogopa kwamba oili mpya zimepunguzwa zinki na fosforasi zinazolinda kamshafti. Hofu hiyo ina msingi, ila ukomo wa fosforasi umewekwa kwa madaraja mepesi kama 5W-30 na 10W-30. 15W-40 na 20W-50 hazibanwi nao.

Dizeli sitaikalia sana. 1HZ ya Land Cruiser na 5L ya Hiace huridhika na 15W-40 ya CI-4 au zaidi, na oili yake kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa ni kawaida, kwa sababu inabeba masizi. Dizeli mpya zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi zinataka oili yake maalumu inayoacha majivu machache, huko usibahatishe.

Je, sintetiki? Watu wengi wanaamini sintetiki itafanya gari kuukuu livuje. Asili ya imani hiyo ni kwamba sintetiki za zamani zilikuwa zikisinyaza sili za mpira, na watengenezaji walisharekebisha. Kinachotokea leo ni kwamba oili yenye sabuni nzuri huondoa tope lililokuwa limeziba ufa wa sili iliyokwishakufa. Sili ilikuwa mbovu tayari. Kwa upande mwingine, neno lenyewe kwenye dumu si dhahabu. Mwaka 1999 nchini Marekani kulikuwa na shauri la matangazo kati ya Mobil na Castrol, na uamuzi ukaruhusu oili ya petroli iliyosafishwa kwa kiwango cha juu kuitwa sintetiki. Kwa injini yenye kilometa laki mbili na zaidi, inayopoteza oili kidogo, nusu-sintetiki ya 10W-40 inatosha sana. Kununua dumu la bei kubwa halafu ukaogopa kulimwaga kwa sababu ya bei yake ni hasara kubwa kuliko kununua la kati na kulimwaga kwa wakati.

Zipo pia oili zilizotengenezwa mahususi kwa magari yaliyotembea sana. Kampuni ya Valvoline ilianzisha aina hiyo mwaka 2000 nchini Marekani, kwa magari yaliyopita maili 75,000, kama kilometa 120,000. Ndani yake kuna viambato vya kulainisha na kutanua kidogo sili zilizokakamaa, na mara nyingi sabuni zaidi. Kwa gari linalolowa oili kwenye sili lakini ringi zake ni nzima, zinasaidia kweli. Haziwezi kurudisha chuma kilicholika. Dawa za chupa ndogo za "kuzuia moshi" nyingi huongeza mnato tu, yaani unalipa mara mbili kwa kazi ambayo daraja la 40 lingeifanya.

Kuna tabia moja ambayo ningeomba ife kabisa, nayo ni kuosha injini kwa mafuta ya taa. Kaka yangu alikuwa na Carina iliyojaa tope. Fundi mmoja alimwaga oili, akajaza mafuta ya taa, akawasha injini dakika kumi, akamwaga, akaweka oili mpya. Gari liliondoka likiwa kimya na zuri. Siku ya tatu taa nyekundu ya oili iliwaka akiwa barabarani, akaendelea na safari kwa sababu alijua oili ni mpya na imejaa. Tope lililobanduka lilikuwa limeziba chujio la pampu ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ilikuwepo, haikuweza kupanda. Taa ile haipimi kiasi cha oili, inapima presha, na ikiwaka gari linazimwa palepale, hata katikati ya daraja.

Sasa nirudi kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba tupige hesabu pamoja. Sampo ya 1NZ-FE huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Vitabu vya Toyota huhesabu kupotea kwa hadi lita 1 kila kilometa 1,000 kuwa ndani ya mpaka unaokubalika. Gari likipoteza nusu lita tu kwa kilometa 1,000, na mwenye gari akasubiri kilometa 5,000 za sevisi bila kufungua boneti, litakuwa limepoteza lita 2.5. Limebakiwa na lita 1.2 za kufanya kazi ya 3.7, tena katika foleni ya Mbagala saa nane mchana. Oili hiyo huzunguka haraka, haipati nafasi ya kupoa, na kwenye kona pampu hunyonya hewa. Hakuna mnato utakaoiokoa injini hiyo. Weka 20W-50, weka sintetiki ya bei ya juu kuliko zote, itanoki. Lakini injini hiyohiyo, inayokula nusu lita, ikijazwa kila inapopungua, inaweza kwenda miaka. Lita moja kwenye buti ni nafuu kuliko injini ya mtumba kutoka Shaurimoyo.

Hesabu ya kilometa nayo hudanganya mjini. Toyota huko Japani huelekeza oili ibadilishwe kila kilometa 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na tabo, na nusu ya hapo kwa mazingira magumu: vumbi, safari fupi fupi, kuunguruma gari likiwa limesimama. Hayo ndiyo maisha yetu ya kila siku. Gari linalokaa saa tatu kwenye foleni hufanyisha injini kazi bila kuongeza kilometa. Kwa gari kuukuu la mjini ninashika kilometa 4,000 hadi 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, na filta mpya kila mara. Filta kuukuu kwenye oili mpya ni maji safi kwenye ndoo chafu.

Na kuna uchakachuaji. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu petroli ilikuwa ikichanganywa na mafuta ya taa. Vinasaba hivyo haviko kwenye dumu la oili. Hilo linalindwa na macho yako. Oili chafu huchujwa, hutiwa rangi na kujazwa kwenye madumu yenye majina makubwa. Nunua kwa wakala anayejulikana, kagua kizibo na karatasi ya chini ya kizibo, epuka oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na jina. Ukishamimina, toboa dumu kwa bisibisi kabla ya kulitupa. Mafundi wakikuona watakuelewa.

Basi mtu achague nini? Injini isiyotoa moshi wala kuvuja, hata ikiwa na kilometa laki tatu, ibaki na daraja lililoandikwa kwenye kitabu, 5W-30 au 10W-30 ya SN au SP. Umri peke yake si sababu ya kubadilisha. Injini yenye VVT-i inayopoteza oili, baada ya PCV kubadilishwa na uvujaji kuzibwa, ipande ngazi moja hadi 5W-40 au 10W-40, na iishie hapo. Iliyoandikiwa 0W-20 isivuke 5W-30. Injini ya zamani isiyo na VVT-i, inayogonga kidogo ikiwa ya moto, au ambayo taa yake ya oili inapepesa ikisimama kwenye mataa, inafaa kupewa 15W-40 au 20W-50 ya herufi mpya, huku mwenyewe akijua kwamba amenunua muda wa kutafuta fedha za beringi na ringi. Hapo ndipo mahali halali pa ishirini-hamsini: injini iliyopimwa, ikaonekana imelika.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, likiwa mahali pa tambarare, vuta kijiti, kifute, kirudishe, kivute tena. Andika oili ilipofika na kilometa za siku hiyo kwenye daftari dogo, uliache ndani ya gari. Rudia kila Jumamosi. Baada ya mwezi mmoja, fundi akikwambia injini imechoka, utakuwa na namba za kumwonyesha.